Kodi ya Msafiri

Ibra, 6 Februari 1999

Shangazi Fawziya,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Reem, kanishika mkono wa kalamu anataka yake iandikwe kabla ya yangu. Keshatimia miaka mitatu na amri zake ni za mtu wa miaka hamsini. Huku sote wazima, alhamdulillah. Baba yangu, nduguyo Soud, anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua. Badar bado yuko Sur, kwenye kile kiwanda cha gesi wanachokijenga njia ya Qalhat, anashika ghala la vifaa. Anaondoka Jumamosi alfajiri, anarudi Jumatano magharibi na nguo chafu za siku tano na samaki ndani ya boksi la barafu. Mume wangu namjua kwa harufu mbili, siku moja.

Nimewahadithia wanawake wa mtaani kwetu kuwa shangazi yangu anaamka kabla ya jua, anaingia treni inayopita chini ya mto, chini ya maji yenyewe, anatokea ng'ambo jimbo jingine, anawashika watoto wachanga wa watu kutwa nzima, kisha anapita chini ya mto ule ule kurudi kulala. Hawaniamini. Mmoja kaniuliza, "Na mto haumwagiki?" Nikamwambia shangazi yangu akipita hata mto unaona haya.

Shangazi, mimi skuli nilitoka darasa la sita, na skuli yenyewe Kiarabu kitupu. Kiswahili cha kuandika nimekipata kwenye barua zangu ulizokuwa ukinirudishia na wino mwekundu. Kwa hivyo nikikosea hapa, kosa ni la mwalimu.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba ya miezi minne. Daktari kasema Julai, rutabu, tende za mwanzo, zikiwa zinateremshwa. Reem nilimzaa mama yangu yu hai, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja, akaninywesha uwatu na samli mpaka nikamwomba basi. Safari hii nani? Majirani wema, lakini mwanamke hawezi kulia mbele ya jirani kama anavyolia mbele ya mama. Nataka uwe wewe. Arubaini tu. Miaka minane hatujakuona.

Chumba chako kipo. Baba kakipaka chokaa tena kabla ya Ramadhani, kama kila mwaka, na hataki kiwekwe hata gunia la mchele.

Unarudi lini?

Mwanao,
Hamda


Jersey City, 3 Machi 1999

Hamda mwanangu,

Marhaba wewe, na marhaba ya Reem iwe kubwa zaidi maana katangulia. Barua yako imenikuta theluji imefika kwenye vizingiti vya milango, mji mzima umenyamaza kama nyumba ya mtu aliyesusa. Mimi mzima. Goti la kulia linanikumbusha umri, la kushoto bado halijaambiwa.

Habari ya mimba nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, koti mwilini, na mtu wa juu akapita akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, nimezaliwa. Mungu akushushie kwa wepesi. Kula ndizi, kula dagaa, usibebe ndoo, na huyo Badar akija na boksi la samaki awaparue mwenyewe.

Wodini kwetu wiki hii tuna mapacha waliozaliwa kwa miezi sita na nusu, kila mmoja hafiki kilo. Namshika mmoja hivi, miguu inakaa kwenye kiganja changu. Wanapigana kuishi utadhani wamelipwa.

Kuhusu safari, mwanangu, kazini ruhusa ngumu mwaka huu. Tutaona. Ninakutumia shali mbili za pamba na vesti za mtoto. Baba yako mwambie anywe asali na tangawizi, na aache kupaka chokaa, vumbi lake ndilo linalomkohoza.

Shangazi yako,
Fawziya


Ibra, 31 Machi 1999

Shangazi,

Idi imepita vizuri, nakuamkia na mkono wa Idi nakupa kwa mbali. Baba kachinja, tumechimbia shuwa, nyama ya viungo, shimoni na watu wa mtaani kama kawaida, na siku ya kufukua kila mtu akaapa nyama yake ndiyo iliyolainika zaidi. Reem kala mafuta mpaka akaugua na bado hajatubu. Tumbo langu limeanza kunitangulia mlangoni.

Shali zimefika. Laini mno, nimezificha nisizichafue.

Nakuuliza neno, usinikasirikie. Mwaka juzi uliniandikia kuwa wauguzi mliokaa sana pale hospitalini mnapewa wiki sita mkitaka, na wewe huzitaki kwa kuwa huna pa kuzipeleka. Barua hiyo ninayo. Sasa ruhusa imekuwaje ngumu? Nilimsomea Baba barua yako. Alikwenda akachukua ndoo ya chokaa akaiweka juu ya paa, mahali hata mimi siifikii.

Kama umetuchoka, sema. Kama ni jambo jingine, sema pia. Mimi si mtoto tena.

Nikupe kichekesho uondoe hasira. Alhamisi Badar alisali adhuhuri hapa nyumbani, Reem kakaa nyuma yake anamhesabia. Alipomaliza, Reem akamwambia, "Baba, umezidisha." Kumbe wiki ile tuliyomfuata Sur alimwona kule akisali rakaa mbili, sala ya safari, na akajua ndiyo sala yenyewe. Badar akamweleza: "Sur mimi ni msafiri, mama. Hapa ndiyo kwetu, hapa nasali nne kamili." Reem akafikiri, akamuuliza, "Sur una kitanda?" "Ninacho." "Una kikombe?" "Ninacho." "Basi msafiri gani wewe?" Badar akanitazama mimi. Nikajifanya nakoroga chungu.

Hamda


Jersey City, 25 Aprili 1999

Hamda mwanangu,

Umekaa wiki nyingi bila jibu, na umefanya vizuri kunikasirikia kama umekasirika. Mimi mzima. Pacha mmoja kaondoka kwenda kwao, kafika kilo mbili. Mwenzake Mungu kamchukua.

Nilianza barua tatu nikazichana. Kichekesho chako cha Reem ndicho kilichonishinda. Nimecheka, kisha nikakaa jikoni muda mrefu.

Sikukuchokeni. Ruhusa ninayo. Jambo ni hili, nitakueleza polepole maana huku hata wasomi hulichanganya. Mimi nalala New Jersey na nafanya kazi New York, katikati mto. Kila jimbo lina serikali yake na kodi yake ya mapato, na kila Aprili mtu hujaza fomu akaeleza alichochuma. Anayekaa jimbo moja na kufanya kazi jingine hujaza mbili. Kule kwenye kazi hujaza kama mgeni aliyekuja kuchuma akaondoka. Huku anakolala hujaza kama mkaazi. Sisi miaka yote tumejaza moja tu, ya New York. Kwao tumelipa senti zao zote, hawatudai.

Ya huku hatukuijaza, na si kwa wizi. Wamjua marehemu mume wangu Mahrous. Tangu tulipofika mwaka wa 1979 neno lake lilikuwa "Mwakani tunarudi." Na kwetu Maibadhi wajua, mtu asiyeifanya nchi kuwa kwao ni msafiri hata akae miaka. Basi tukasali sala ya safari tangu usiku wa kwanza: adhuhuri mbili, alasiri mbili, isha mbili. Ilipokuja fomu ya New Jersey, juu imeandikwa "mkaazi", Mahrous akaiweka kando. Akanambia, "Fawziya, tuiambie serikali sisi wakaazi, na Mungu tumwambie sisi wasafiri? Moja itakuwa uongo." Nikaona kasema kweli. Tukalipa kule tulikochuma, tukaona yamekwisha.

Alipokufa, mwaka juzi, zikaanza kuja bahasha. Ya kwanza niliifungua: wameuona mshahara wangu, wanaijua anwani yangu, wanauliza fomu zao ziko wapi. Zilizofuata sikuzifungua. Nazitia kwenye droo ya vijiko. Siku hizi nala kwa kijiko kimoja, kile kilichokuwa nje.

Mimi niliyetoka Unguja na kanga mbili, niliyesoma uuguzi Cairo kwa lugha mbili nisizozijua, naogopa bahasha. Naogopa nikitoka nchi hii, siku ya kurudi watanishika uwanja wa ndege, kazi ipotee, na goti hili nianze wapi tena? Muuguzi mwenzangu kanishauri nitumie anwani yake, nijifanye nakaa New York, mambo yaishe. Nimekataa. Nimeshindwa kusema mimi mkaazi wa hapa ninapolala, nitasemaje mkaazi wa pale nisipolala?

Sasa unajua kwa nini sikuji. Usimwambie baba yako.

Fawziya


Ibra, 13 Mei 1999

Shangazi yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, na Mungu amrehemu yule pacha. Sisi wazima. Joto limeingia, Reem analala juu ya sakafu tupu kama paka.

Nimemwambia Baba. Nisamehe. Alinikuta nalia chumbani kwako na sikuweza kumwambia nalilia kitunguu.

Nitakwambia ukweli kama ulivyoniambia wewe. Nilipoisoma barua mara ya kwanza nilikasirika. Kodi siijui, huku mshahara wa Badar unaingia kama ulivyo. Nilikasirika nilipofika kwenye neno mkaazi. Nikasema, akitia saini basi kwao ni huko, na sisi tumekuwa watu wa kutembelewa. Nikafungua chumba chako, nikakaa kitandani, nikalia. Reem akaja akanambia, "Mama, hiki cha Shangazi, usikiloweshe."

Jumatano Badar akaja. Kaparua samaki mwenyewe kama ulivyoamuru, na mimi nikamweleza nimekaa kwenye kibao. Akasikiliza mpaka mwisho, magamba yamemjaa mikononi.

Akasema, "Lakini Shangazi si peke yake. Sisi pale kambini kila siku tunabishana. Wako wenzangu wawili wametia nia, Sur kwao na Ibra kwao. Wanasali nne huku, nne kule."

"Na inafaa?"

"Nimemuuliza imamu. Kasema mtu anaweza kuwa na kwao kuwili, akitia nia. Akaniuliza na mimi nataka?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nina mke, nitamuuliza kwanza."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Kwani ndoo ya chokaa si iko juu ya paa? Niliona nyumba hii imeshavurugika kwa maneno ya nani kwao wapi."

Baba alikuwa sebuleni, tukidhani kalala. Akaita: "Hamda! Mwandikie Fawziya. Serikali haimuulizi atazikwa wapi. Inamuuliza analala wapi. Awajibu wanachouliza, asijibu asichoulizwa. Tangu mdogo ana tabia hiyo." Kisha akakohoa, akaongeza, "Na mwambie chokaa nimeishusha."

Shangazi, mimi nimekuwa nikijivunia wewe maisha yangu yote. Nikichoka usiku na mtoto, nasema, yuko mwanamke anapita chini ya mto. Leo nimejua kuwa mwanamke huyo alikataa kudanganya hata kwa neno moja ambalo kila mtu angeliandika bila kufikiri, na amekula kwa kijiko kimoja miaka miwili kwa ajili yake. Sikukudharau. Nimezidi kukustaajabia. Lakini watoto wasiotimia kilo unawashika, bahasha nzito kuliko wao?

Nilitaka kukuandikia usitie saini. Nimeandika hivyo, nimeichana, nimejifunza kwako. Tia saini. Sema unakolala. Chumba hakina miguu, hakitakwenda popote.

Miezi miwili imebaki.

Hamda


Jersey City, 21 Juni 1999

Hamda, Hamda wangu,

Salamu kwa wote, na kwa baba yako salamu za peke yake: mwambie kweli tangu mdogo nina tabia hiyo, naye tangu mdogo ana tabia ya kujifanya kalala.

Nilifungua droo Jumatatu moja isiyo na zamu, baada ya alfajiri. Zote. Nikazipanga mezani kwa tarehe na zilikuwa karibu zote maneno yale yale, kama mtu anayebisha hodi hajui kwamba aliyemo ndani kasimama nyuma ya mlango. Nikachukua nakala za New York za miaka yote, Mahrous alizifunga kamba vizuri, nikaenda katika ofisi ya kodi ya New Jersey. Nikavaa baibui langu zuri. Nikasema wakinishika, wanishike nimependeza.

Nikaitwa kwa mama mmoja mnene, miwani inaning'inia kifuani kwa shanga, ana chakula chake kwenye bakuli pembeni na anakitazama kwa huzuni. Nikamwambia yote. Hata ya sala. Sikukusudia, yakanitoka. Yule mama akaacha kuandika.

"Subiri," akasema. "Hukujaza kwa kuwa ulimwambia Mungu wewe msafiri?"

"Ndiyo."

"Miaka ishirini?"

"Ndiyo."

"Bibi, katika kiti hiki nimesikia mbwa kala fomu, nimesikia mume kakimbia na fomu. Hili ni jipya." Kisha hakucheka. Akaniuliza, "Mswaki wako uko wapi?"

"Uko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Hamda, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nikaona lile duka la chini ambako nikiingia wananikatia mkate bila kuuliza. Nikaona kaburi la Mahrous, liko upande huu wa mto, nalitembelea kila Ijumaa nisiyo na zamu. Ile "Mwakani" yake ilimkuta hapa. Nikasema, "Hapa. Jersey City." Sauti ilikuwa yangu.

Akanipa fomu, nikatia saini, mwaka baada ya mwaka. Halafu akaanza kupiga hesabu, na hapa ndipo utakaponicheka. Kumbe jimbo la nyumbani linakuhesabia ulichokwisha kulipa kule unakofanya kazi. Wanakitoa katika chao. Na kwa kuwa New York wanakata zaidi, kilichobaki kwa New Jersey ni karibu na hakuna. Kipo kidogo cha faini ya kuchelewa, nitalipa kwa mafungu. Nikamuuliza, "Na uwanja wa ndege?" Akasema, "Bibi, uwanja wa ndege hawajui hata jina lako. Una safari?" Nikamwambia nina mtoto anazaliwa Oman. "Basi nenda," akasema, "na mimi niache nile."

Tiketi ninayo. Nafika uwanja wa Seeb tarehe 8 Julai asubuhi. Badar anisubiri, nitakuwa mwenye goti.

Uniambie huko nikuletee nini, ijapokuwa barua yako haitaniwahi.

Fawziya


Ibra, 14 Septemba 1999

Shangazi,

Shikamoo ya Reem, shikamoo yangu, na ya mdogo wake Wasan, ambaye hajui kusema lakini ananyonya ngumi yake kwa nguvu kila nikitaja jina lako, kwa hivyo nimemwandikia. Amenenepa, shingo haionekani. Joto limevunjika kidogo usiku. Baba anasema tangu uondoke chai haina ladha. Chai naipika mimi, lakini nimemstahi. Badar anakusalimu. Hajatia nia bado kuhusu Sur. Nimemwambia anipeleke kwanza niione hiyo nyumba anayotaka kutupangia kule ina jiko la namna gani.

Mkaja bado naufunga kama ulivyonifunga. Nilidhani nitakukumbuka zaidi kwa maji ya moto na uwatu, na kumbe nakukumbuka kwa ile siku ya hospitali. Wauguzi walipojua kazi yako wakakuachia uwe wa kwanza kumshika. Umeshika watoto wa watu maisha yako yote, ukamshika wetu ukatafuta kiti, ukamwambia muuguzi ni kwa sababu ya goti. Arubaini zote hukuniacha nilie peke yangu hata mara moja. Sina zawadi ya kukupa, nina neno moja nililolificha, sasa nakupa.

Siku uliyofika uliingia chumbani, ukauliza kibla, ingawa wajua kibla cha chumba kile tangu kilipojengwa. Adhuhuri imeingia. Mlango uliuegemeza, haukufunga sawasawa, na mimi nilikuwa ukumbini na tumbo langu. Sikukusudia kuchungulia. Baadaye nilikusudia. Niliogopa, Shangazi. Tangu barua yako ya Juni nilijiuliza, saini amekwisha kuitia kule, hapa atasimama mbele ya Mungu aseme yeye nani? Sikuthubutu kukuuliza. Nikasema, nitahesabu kama Reem.

Ukasali rakaa ya kwanza. Ukasali ya pili. Ukakaa kusoma tahiyatu. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, naye hakohoi. Mimi nikashika mlango, nikangoja utoe salamu, umalize, uwe mgeni wetu.

Ukaweka mkono sakafuni kwa ajili ya lile goti, ukainuka ya tatu.

Mwanao,
Hamda